Foleni Mbili, Printa Moja

Juni huku kwetu ni mwezi wa ukungu. Hushuka usiku kutoka msitu wa Ngorongoro, hulala juu ya mashamba ya mbaazi na ngwara, na ikifika saa tatu asubuhi bado hujaliona paa la jirani. Niliingia Qurus, wilayani Karatu, siku moja ya namna hiyo, nimepakiwa kwenye bodaboda, begi la vifaa limebanwa kati yangu na dereva, taa inawaka mchana. Nilikuwa nimeitwa na shule. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kufunga, na ripoti za wanafunzi zilikuwa hazitoki.

Mwalimu wa taaluma alinipokea barazani. Ni kijana, alikuwa amehamia pale mwezi wa Mei.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwalimu. Pole na kazi. Printa imekuwaje?"

"Kompyuta inapokea, kaka. Nikiiagiza ichape inakubali, hailalamiki. Ila karatasi haitoki."

Kutoka meza ya ndani mhasibu wa shule, mama mtu mzima, akadakia: "Printa nzima hiyo, baba. Mimi natoa barua zangu za ada kila siku." Akafungua LibreOffice, akabofya, mashine ikanguruma, karatasi ikatoka imenyooka, bado ya moto. Akanipa niishike mwenyewe.

Nikakaa nayo mkononi. Watu wawili wa kweli, kompyuta moja, printa moja, waya mmoja. Huyu inamchapia, yule haimchapii. Hitilafu ya aina hii naiogopa kuliko kifaa kilichoungua, kwa sababu kilichoungua kinanuka na mtu anajua pa kuanzia. Pale hapakuwa na kitu kibovu hata kimoja. Kila nilichokigusa kilikuwa kizima, na kila aliyesema alisema kweli.

Kompyuta ile inaendeshwa na FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Unix ulioanza mwaka 1993. Aliiacha mgeni mmoja wa kujitolea, na mwalimu wa taaluma aliyetangulia akaipenda. Alikuwa mtu wa kuandika amri. Alitunga programu fupi zinazosoma alama kwenye faili, zinapanga nafasi, zinaandaa ripoti ya kila mtoto, halafu zinaipeleka kwenye printa kwa neno moja tu: lpr. Aprili alihamishwa. Programu zake zikabaki, na kijana huyu akazirithi kama zilivyo.

Neno hilo lina umri. Unix yenyewe ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell kule Marekani, kwenye mashine ndogo iliyokuwa imeachwa bila kazi. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipotaka mashine bora, waliipata kwa ahadi ya kutengeneza mfumo wa kuandaa nyaraka, na wa kwanza kuutumia walikuwa wapiga chapa wa idara ya hataza ya kampuni hiyo. Huwa naikumbuka habari hii nikiwa nimepiga magoti nyuma ya printa. Ukoo wa mifumo ambao leo umejaa kwenye simu na kwenye mitambo ya benki ulilelewa na kazi ya kutoa karatasi ofisini, kazi ile ile ya mama mhasibu na barua zake za ada. Kufikia Toleo la 6 la mwaka 1975, Unix ilikuwa na mtumishi maalumu wa uchapaji, na jina lake ni lpd; lpr ndilo neno la kumkabidhi kazi.

Watumishi wa namna hii huitwa dimoni. Jina lilitoka kwa watu wa MIT mwaka 1963, nao walilichukua kwa yule kiumbe wa kufikirika wa mwanafizika James Clerk Maxwell, anayekaa mlangoni akichambua chembe za hewa moja baada ya moja bila kuchoka. Wazee wetu wa Kiiraqw wangeelewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa kompyuta. Katika imani yao ya zamani chemchemi ina mwenyewe, Neetlangw, roho akaaye majini. Humwoni, lakini huchoti maji ukasahau kuwa yupo. Dimoni hana dirisha wala kitufe. Anaamka kompyuta inapoamka, anakaa kimya, na kazi ikija anaipokea, anaiweka kwenye foleni, anaipeleka kwenye printa zamu yake ikifika.

Chemchemi ya ofisi ile ilikuwa na wenyewe wawili. Wa pili nilimleta mimi.

Miaka miwili nyuma mama mhasibu alitaka barua zenye nembo ya shule na majedwali yaliyonyooka, na lpd haikuumbwa kwa hayo. Lugha yake, iliyokuja kuwekwa kwenye maandishi rasmi mwaka 1990, ni ya mtu wa kubeba mizigo: nipe, nitapeleka. Kilichomo hakiihusu, na ikishafikisha haijui sana kilichotokea huko ilikofikisha. Kwa hiyo niliweka CUPS. Huu ni mfumo alioanza kuujenga Michael Sweet mwaka 1997 na kuutoa mwaka 1999; Apple iliutia katika kompyuta zake mwaka 2002, ikaununua kabisa mwaka 2007, na leo unatunzwa na watu wa OpenPrinting. CUPS huzungumza na printa ikasikia jibu: karatasi imekwisha, tona imepungua, kazi imekamilika. Na hati haipelekwi kama ilivyo. Inapitishwa katika mlolongo wa programu ndogo ziitwazo vichujio, kila kimoja kikiibadili kidogo, mpaka ifikie umbo ambalo printa ile, na si nyingine, inalielewa. Nikiwaeleza watu wa Karatu huwa sihangaiki kutafuta mfano. Dakta Askwar Hilonga, mwenzetu wa Gongali, alipata tuzo ya uhandisi barani Afrika mwaka 2015 kwa chujio la maji linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Chujio la CUPS nalo ni hivyo. Halifai kwa kila printa, linafungwa kwa kujua mbele kuna nini.

Niliiweka, nikaijaribu kwa LibreOffice, ikachapa, mama akafurahi, nikapewa chai na kande, nikaondoka. lpd sikuizima. Sikuulizia kama kuna anayeitumia.

Sasa, waliotengeneza CUPS walifanya jambo la adabu, na jambo hilo nimelitafakari kuliko yote. Walijua kwamba kuna watu waliozoea neno lpr la Unix ya Berkeley, na wengine waliozoea neno lp la Unix ya AT&T, na hawakutaka kumlazimisha yeyote ajifunze upya. Wakaunda amri zao kwa majina yale yale. Mtu wa zamani anaandika neno lake la zamani, na mtumishi mpya anaitika. Ni heshima kubwa kwa mazoea ya watu. Lakini kwenye FreeBSD mtumishi wa zamani hajafa, yumo ndani ya mfumo wenyewe, naye pia huitwa kwa neno lpr. Ni kama mjukuu aliyepewa jina la babu, na babu bado yuko hai. Ukiita jina hilo uani, anaitika aliye karibu.

Kwa hiyo sikugusa printa. Nilikaa kwenye kiti cha kijana nikaiuliza kompyuta swali moja: mtu akisema lpr, ni nani hasa wanaoweza kuitika? Ikaniorodheshea wawili, wa kwanza /usr/bin/lpr, wa pili /usr/local/bin/lpr. Wa kwanza ni babu. Wa pili ni CUPS. Na kwa kuwa kompyuta hutafuta kwa kufuata mpangilio wa folda, kila siku ilikuwa inamkuta babu kwanza, inaishia hapo.

Niruhusiwe kusimama kidogo kwenye ile alama ya mkwaju iliyo katikati ya majina hayo, maana kwetu ina jambo lake. Wanaoandika Kiiraqw huutumia mkwaju kama herufi, kwa ile sauti ya kooni ambayo Kiswahili hakina na ambayo mgeni hawezi kuitoa siku ya kwanza, kama asivyoweza q ya Qurus, akaigeuza k. Katika Unix mkwaju ni mpaka kati ya folda na folda. Faili laweza kuitwa karibu jina lolote unalolitaka, ila lisiwe na mkwaju ndani yake. Mwalimu anayehifadhi maneno ya mama yake, neno moja faili moja, atakuta kompyuta inalikata neno pale pale penye koo lake na kwenda kutafuta folda ambayo haipo. Alama moja, wanaoidai wawili, na kila mmoja ana haki kamili. Nilikuwa nimelijua jambo hilo miaka mingi. Asubuhi ile ndipo nilipoona kwamba ni ndugu wa tatizo la printa.

Nikaiuliza lpd foleni yake. Ikanionyesha: ripoti za kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, zote zimejipanga kwa utulivu, na juu yao onyo kwamba hakuna dimoni anayezishughulikia. Mbele kabisa ya ripoti hizo palikuwa na kazi nyingine yenye jina la tangazo. Nikadhani ni jaribio la mtu, nikaipita. Kisha nikaiuliza CUPS foleni yake. Tupu. Printa iko tayari, haina kazi, inasubiri.

Watu hupenda kusema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi pia nilitaka kuwaambia hivyo walimu, nikajizuia, kwa sababu mafahali hupigana. Vumbi hutimka, zizi huvunjika, mwenye nyumba hutoka na fimbo. Hawa hawakupigana. Mmoja hakujua kama mwenzake yupo. lpd ilipoulizwa ilisema kazi nimezipokea, ikawa kweli. CUPS ilipoulizwa ilisema sina kazi, ikawa kweli pia. Kijana aliketi katikati ya kweli hizo mbili kwa siku nne, akijihesabu hajui kompyuta.

Mkuu wa shule alipita kutusalimu chai ilipoletwa. Tukaongea ya kawaida, mvua, bei ya mahindi, watoto. Akalalamika kidogo juu ya wazazi. Katika kikao cha Aprili, alisema, wa vidato vya chini walijaa darasa mpaka wengine wakakaa nje, lakini wa kidato cha tatu na cha nne walikuja wa kuhesabika. "Mtoto akikaribia kumaliza, mzazi anachoka," akasema. "Sijui tuwafanyeje." Walimu waliokuwepo wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa changu.

Chai ilipokwisha nikafungua daftari la lpd. FreeBSD humwekea faili lake la kuandika makosa, /var/log/lpd-errs, na nina hakika hakuna mtu katika shule ile aliyewahi kulisoma. Mistari ilikuwa michache. Kila mmoja ulisema lile lile: kifaa nilichoambiwa nikiandikie, /dev/ulpt0, hakipo. Hapo nikaelewa. CUPS inapotaka kuizungumzisha printa ya USB huiambia kompyuta imwondoe kwanza msimamizi wa kawaida wa kifaa hicho, iishike yenyewe. Msimamizi akiondoka, lile jina ulpt0 linaondoka naye, na kwenye mashine ile halikurudi mpaka printa izimwe na kuwashwa tena. lpd ina subira. Ikikuta kifaa kipo ila kimeshikwa, hulala sekunde 1, ikajaribu, ikalala 2, halafu 4, 8, 16, mpaka 32, na kuendelea hivyo bila kukata tamaa. Lakini ikikuta jina lenyewe halipo, huandika mstari mmoja kwenye daftari na kwenda zake. Kazi inabaki kwenye foleni. Mtu hajaambiwa kitu.

Kwa nini basi miaka miwili yote mambo yalikwenda? Mistari ya daftari ilikuwa na saa. Yote ilikuwa ya baada ya saa nne asubuhi.

"Mama," nikamuuliza mhasibu, "yule mwalimu aliyehama, kazi zake alikuwa anachapa saa ngapi?"

"Yule? Yule alikuwa anawahi, baba. Ndiye aliyekuwa anafungua ofisi. Mimi nikifika, karatasi zake ziko mezani tayari, na printa ina joto."

Kumbe ndicho kilichokuwa kinaiendesha ofisi ile. Si programu zake, si mimi na CUPS yangu. Mtu mmoja aliyekuwa akiamka mapema. Alichapa kabla ya mama kubofya kwa mara ya kwanza, wakati ulpt0 bado lipo. Siku chache alizochelewa, kazi ilikwama, na kesho yake alfajiri akiagiza nyingine, ile ya jana ilitangulia kutoka; bila shaka akadhani printa ilikuwa imechoka. Mazoea yake yaliziba ufa ambao mimi niliuacha. Alipohamishwa, ufa ukaonekana, na aliyelaumiwa ni aliyekuja baada yake.

Watu wa Karatu si wageni wa jambo hili la huduma mbili kwa kazi moja. Tumewahi kuwa na vyombo viwili vya maji, KAVIWASU ya vijiji na KARUWASA ya mjini, na swali la nani amhudumie nani liliwashughulisha watu kwa miaka. Ninachokikumbuka mimi si hoja za vikaoni. Ni ndoo. Bomba likikauka, mama mwenye ndoo hana haja ya kujua kuna vyombo vingapi; ana haja ya kujua amwendee nani. Hapo ndipo huduma mbili zinapomuumiza mtu. Kila moja inaweza kuwa njema, ikawa imeanzishwa kwa nia safi na kuendeshwa na watu wachapakazi, na bado aliye mwisho wa waya asijue kilio chake kimefika kwa nani. Na asipojua, kwa kawaida hulaumu kilicho karibu naye: printa, au jirani, au nafsi yake.

Uamuzi haukuwa mgumu. Shule ilihitaji mtumishi mmoja, na anayeweza kuwahudumia wote wawili ni CUPS. Mistari miwili katika faili la kuanzishia huduma ingetosha kuinyamazisha lpd, na katika programu za kijana ningeandika njia kamili, /usr/local/bin/lpr, ili neno lisipotee tena njiani. Lakini sikutaka kuizima lpd ikiwa imeshika mizigo ya watu. Kazi zilizopokelewa ni amana. Kwa hiyo nilisimamisha CUPS kwanza, nikazima printa, nikahesabu mpaka kumi, nikaiwasha. Jina ulpt0 likarudi. Nikaiambia lpd: haya, endelea.

Printa ikanguruma. Kijana akasogea, mama akaacha hesabu zake. Karatasi ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu, na kijana akaichukua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea cheti, akaitazama, uso wake ukabadilika.

"Kaka, hizi si ripoti."

Hazikuwa ripoti. lpd huanza na aliyetangulia kufika, na aliyetangulia alikuwa lile tangazo nililolipita. Zilikuwa zinatoka nakala baada ya nakala, zote sawa: wazazi na walezi wa kidato cha tatu na cha nne mnaalikwa kwenye kikao, tarehe fulani ya Aprili, saa nne asubuhi, mnaombwa kufika bila kukosa. Nikarudi kwenye daftari. Mstari wa Aprili ulikuwa wa saa nane na nusu mchana. Mama akakumbuka. Mwalimu yule alichapa tangazo la vidato vya chini asubuhi, likatoka, likagawiwa. La vidato vya juu aliliagiza mchana, wiki yake ya mwisho, katikati ya kufunga mizigo na kukabidhi ofisi. Kompyuta ilipokea. Kila mmoja akajua limekwenda.

Mkuu wa shule aliitwa. Alikuja na miwani mkononi, akaivaa, akasoma tangazo lote mpaka chini kwenye nafasi ya sahihi yake, ambayo ilikuwa wazi. Akalisoma tena. Trei ikaendelea kujaa, na hakuna aliyethubutu kuisimamisha.

"Haya yametoka lini?"

"Sasa hivi, mkuu," mama akajibu. "Yalikuwa humo ndani."

Akazikusanya zile zilizokwisha kutoka, akazigonga mezani zikae sawa, akazishika kifuani. Nje ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na mabati ya madarasa yalionekana. Printa ikanyamaza kidogo, ikavuta pumzi, ikaanza ripoti za kidato cha kwanza.

"Mwalimu," mkuu akamwambia kijana, "lifungue hilo tangazo. Weka tarehe nyingine, kabla hatujafunga. Na pale juu, kabla ya maneno yote, andika kwamba tunawaomba radhi."

Kijana akavuta kiti.